Dishi au kebo? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wakazi wa Tanga

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mara kwa watu wanaotaka kuweka televisheni nyumbani, hapa Tanga mjini na kwa ndugu zetu wa Muheza, Pangani na Mkinga. Majibu ni ya fundi wa kufunga, si ya muuza vifurushi. Bei za vifurushi hazimo humu, kwa sababu zinapanda na kushuka bila kutuaga. Bei ya leo utaipata kwa wakala.

Kwani tofauti yenyewe ni ipi? Si zote ni televisheni?

Ukifunga dishi, mawimbi yanakufikia moja kwa moja kutoka kwenye setilaiti iliyo juu ya mstari wa ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini. Inazunguka sawasawa na dunia, ndiyo maana ukiielekea mara moja hubaki pale pale mwaka mzima. Dishi ni lako, king'amuzi ni chako, na kinachoweza kukukatia picha ni mvua na deni lako tu.

Kebo nayo inaanzia kwenye dishi, ila dishi hilo ni la mtu mwingine. Mwenye kebo anakuwa na kituo chake mtaani, ana madishi kadhaa juu ya paa, anazikusanya chaneli, kisha anazisukuma kwa waya kupita nguzo na mapaa mpaka kwako. Wewe unalipa kwa mwezi, unachomeka waya nyuma ya TV. Kwa nyingi ya kebo za mitaani huhitaji hata king'amuzi.

Na kuna ndugu wa tatu ambaye watu humsahau: antena. Hapa Tanga mitambo ya analojia ilizimwa Januari 31, 2013, mwezi mmoja baada ya Dar es Salaam. Tangu hapo antena haifanyi kazi peke yake, inataka king'amuzi cha antena au TV yenye king'amuzi hicho ndani. Nitaigusa huko chini, maana kuna nyumba ambazo ndiyo zinazoihitaji na zinahangaika bure na madishi.

Nipe jibu fupi. Nichukue kipi?

Kama nyumba ni yako, au umepanga nyumba nzima na una paa la kufungia, chukua dishi. Kama umepanga chumba, una TV moja, unahamahama, na mtaa wako una kebo yenye sifa nzuri, kebo si mbaya. Kama unachotaka ni taarifa ya habari na chaneli za nyumbani, na uko mjini, anza na antena.

Sababu yangu ya kupendelea dishi si picha, maana kebo nzuri ina picha nzuri. Sababu ni kwamba kebo ni mtu. Ukinunua dishi, ubora wake ni wa kampuni na wa fundi aliyelifunga siku ile. Ukiunga kebo, ubora wake kila siku ni wa yule mwenye kituo: ana jenereta? Ana fundi wa kupanda nguzo Jumapili? Analipia chaneli anazokuonyesha? Akisafiri, nani anashika simu? Yapo maeneo mwenye kebo ni mtu makini na wateja wake hawajui shida. Yapo mengine picha ikipotea Ijumaa jioni, imepotea hadi Jumatatu.

Nimepanga chumba Ngamiani, nyumba ya vyumba sita, kila mpangaji anataka TV yake. Tufanyeje?

Hapa kebo ina hoja. Waya mmoja unaingia nyumbani, unagawanywa, kila chumba kinabadili chaneli kivyake, na mnachangia ada. Kwa dishi, kila chumba kinachotaka kuchagua chaneli yake kinataka king'amuzi chake na malipo yake.

Tahadhari ni mbili. Ya kwanza, muulize mwenye kebo kama ada ni ya nyumba au ya TV. Msipouliza, siku atakapokuja kukagua mtagombana naye na mtagombana ninyi kwa ninyi. Ya pili, kila mnapougawa waya, mawimbi yanapungua. Kigawanyio cha njia mbili kinapunguza karibu nusu, na cha njia nne kinaacha chini ya robo. Ndiyo maana chumba cha mwisho, kile cha uani, ndicho chenye chenga siku zote, na mpangaji wake anadhani TV yake imekufa. Dawa ni amplifaya ndogo, yaani kifaa cha kukuza mawimbi, na inafungwa kabla ya kugawa, si baada. Ukiiweka mwisho, itakuza chenga zile zile.

Kama mtachagua dishi, zungumzeni na mwenye nyumba kwanza. Paa la bati la zamani likitobolewa ovyo linavuja, na atakayelaumiwa ni ninyi. Mara nyingi ni bora kulifunga ukutani upande wa uani, au kwenye bomba lililosimikwa ardhini kwa zege.

Kwa nini dishi la jirani linatazama juu kabisa, na langu linatazama upande wa Muheza? Fundi kakosea?

Hajakosea. Makampuni hayatumii setilaiti moja. DStv wako nyuzi 36 mashariki, na sisi Tanga tupo nyuzi 39 mashariki, kusini kidogo ya ikweta. Kwa hiyo setilaiti yao iko karibu na utosini kwetu, nyuzi 83 hivi kutoka upeo wa macho. Ndiyo maana dishi la jirani yako linalala chali. Azam wako nyuzi 7 mashariki, StarTimes ya dishi nyuzi 5, zote mbali upande wa magharibi. Dishi la Azam hapa kwetu linatazama magharibi, kaskazini kidogo tu, kwa mwinuko wa nyuzi 52 hivi.

Usilipime kwa jicho, lakini. Haya madishi yenye mkono unaochomoza chini yametengenezwa kwa namna ambayo sahani huonekana imesimama kuliko pale linapotazama hasa. Ndiyo maana mtu anaona dishi la Azam linaelekea ukuta wa jirani, anapanda juu kulinyanyua kidogo "lione vizuri", na nyumba nzima inakosa picha.

Naweza kutumia dishi moja kwa Azam na DStv?

Hapana. Zimeachana nyuzi 29, na dishi la kawaida la nyumbani haliwezi kuzikusanya zote mbili. Fundi anayekuahidi hivyo mwambie aonyeshe kwanza, alipwe baadaye. Nunua dishi la pili. Dishi lenyewe ndilo kitu rahisi kuliko vyote kwenye hesabu hii.

Kuna mnazi mbele ya nyumba. Utanizuia?

Inategemea uko upande gani. Kwa dishi la magharibi kuna hesabu nyepesi: chukua urefu wa mnazi kutoka usawa wa dishi kwenda juu, kisha hakikisha dishi liko mbali na mnazi angalau robo tatu ya urefu huo, na zaidi kidogo. Mnazi uliopita dishi kwa mita 15 unatakiwa uwe umbali wa mita 12 au zaidi. Kama ni mwembe, pima kutoka kwenye matawi ya nje, si kwenye shina. Na mwembe unakua: dishi lililokamata vizuri mwaka ulioufyeka, miaka mitatu baadaye linaanza kugandisha picha pole pole na hakuna anayeukumbuka mti.

Kwa dishi la utosini mnazi hausumbui, labda uwe umekaribia kusimama juu yake. Kinachosumbua pale ni ukingo wa paa lako mwenyewe. Nimeona mengi yamefungwa ukutani chini ya bati, na mtu anashangaa kwa nini hakamati chochote.

Na usifunge dishi chini ya mnazi wenye nazi. Hilo halihitaji maelezo.

Mvua ikinyesha picha inaganda. Kebo haina tatizo hilo, sivyo?

Dishi la nyumbani linapokea mawimbi mafupi sana, ya urefu wa sentimita mbili na nusu hivi, na matone makubwa ya mvua yanayanyonya na kuyatawanya. Manyunyu hayana shida. Mvua ya masika, ile ya Aprili inayokuja na giza saa nane mchana, itakata picha kwa dakika kumi, ishirini, kisha inarudi yenyewe. Hiyo ni kawaida, usimwite fundi.

Isiyo ya kawaida ni picha kukatika kwa mvua ndogo, au kukatika na kutorudi. Hapo dishi halikuelekezwa vizuri tangu mwanzo. Kwenye rimoti ingia kwenye mipangilio, utaona mistari miwili: mmoja nguvu ya mawimbi, mwingine ubora. Watu wanafurahia mstari wa nguvu. Wa kutazama ni ule wa ubora. Dishi likiwa limekamata kwa shida, siku ya jua picha ni safi kabisa, kama ya jirani; kwa dijitali huoni dalili mpaka igande. Ubora ukiwa umebaki mdogo siku ya jua, wingu likipita tu umekwisha. Kwa hiyo siku ya kufungiwa usimruhusu fundi ashuke paani picha ilipotokea tu. Mwambie aendelee kusogeza mpaka ubora ufike mwisho wa uwezo wake, ndipo akaze boliti. Na dishi kubwa kidogo, la sentimita 90 badala ya 60, linakuongezea uvumilivu wa mvua.

Kuhusu kebo: dishi la mwenye kituo nalo linanyeshewa, kwa hiyo mvua kubwa ikipiga kwake, mnakatika mtaa mzima. Wengine wanatumia madishi makubwa yanayopokea mawimbi marefu zaidi, ambayo mvua haiyasumbui sana. Hao utawatambua kwa madishi ya mita mbili na zaidi juu ya paa. Ila mvua ya kebo ina tatizo lake lingine: maji yanaingia kwenye viungo vya waya huko kwenye nguzo, na hayo hayakauki mvua ikiisha.

Mwezi Machi picha ilikatika saa tisa alasiri, jua kali, siku tatu nne mfululizo. Kuna nini?

Jua lilipita nyuma ya setilaiti. Linatokea mara mbili kwa mwaka, siku chache kandokando ya Machi 22 na tena kandokando ya Septemba 21. Kwa madishi yanayotazama magharibi ni saa tisa hivi alasiri, kwa yale ya utosini ni saa sita na nusu kwenda saa saba mchana. Dakika chache tu, inapita. Usiguse kitu.

Ninaishi Raskazone, karibu na bahari. Dishi langu halimalizi mwaka. Nifanyeje?

Chumvi. Upepo wa kusi unapovuma kutoka baharini unabeba chumvi, na chumvi inakula chuma usiku na mchana. Sahare, Raskazone, na nyumba za Pangani zinazotazama maji, zote kilio ni kimoja. Sahani yenyewe huchelewa kufa. Vinavyotangulia ni boliti za kushikia na kile kichwa cha waya kinachoingia kwenye LNB, lile jicho la mbele ya dishi.

Ukitaka kuona kinachotokea, zima king'amuzi, panda, fungua kile kichwa cha waya. Kikiwa kizima, uzi wa katikati unang'aa rangi ya shaba. Kikiwa kimeliwa, utaona unga wa kijani umezunguka uzi, na ukigusa unavunjika. Unga huo ndio uliokula picha yako. Kata sentimita 10 za waya mpaka ufike penye shaba safi, funga kichwa kipya, kaza kwa spana na si kwa vidole, kisha paka grisi kidogo na uzungushe ule mpira wa kuvutika unaogandana wenyewe. Selotepu nyeusi ya umeme haitoshi. Jua la Tanga linaikausha inaachia, na maji yanaingia na kukaa humo humo.

Kabla waya haujaingia ukutani, uache ushuke chini kidogo kama kitanzi, kisha upande kuingia kwenye tundu. Maji yanayotiririka juu ya waya yatadondokea pale kwenye kitanzi badala ya kufuata waya mpaka ndani ya king'amuzi. Hii ni kazi ya sekunde tano, na mafundi wengi wanaipuuza. Boliti omba zilizopakwa zinki, na zipake rangi siku ile ile.

Ah, na kunguru. Wanapenda kutua kwenye mkono wa LNB, wanne kwa mpigo. Dishi lisilokazwa vizuri wanalisogeza, na nyuzi moja tu inatosha kukutoa kwenye picha.

Chaneli nusu zipo, nusu zimepotea. Nimelipia kila kitu. Kampuni inaniibia?

Pengine siyo. King'amuzi kinatuma umeme mdogo kwenda kwa LNB kupitia waya ule ule: volti 13 kupokea kundi moja la chaneli, volti 18 kupokea kundi jingine. Waya ukiwa mrefu, mwembamba, au umeliwa na kutu, volti 18 hazifiki kamili, na kundi lile linapotea lote huku hili likiendelea vizuri. Ukiona chaneli zimepotea kwa makundi namna hii, anza na waya kabla hujapiga simu huduma kwa wateja. Kama waya ni mzima, LNB imechoka. Ibadilishe, haina gharama kubwa.

Umeme ukikatika?

Mwenye dishi akiwa na sola au betri na inveta, anaendelea kutazama. TV ya LED ya inchi 32 na king'amuzi kwa pamoja havifiki wati 80. Mteja wa kebo anahitaji umeme wa watu watatu: wake, wa kituo, na wa zile amplifaya zilizowekwa njiani kwenye nyumba za watu au nguzoni. Kwako taa zinawaka, lakini nyumba iliyobeba amplifaya mtaa wa tatu wameishiwa LUKU, na wewe huna picha. Hii ndiyo sababu moja kubwa ya wateja kuikimbia kebo, na hawaijui.

Kuhusu matumizi: TV na king'amuzi vikila wati 65 kwa saa sita kila siku, mwezi ni uniti 12 hivi. King'amuzi kilichoachwa kimewashwa usiku na mchana, hata kikila wati 10 tu, peke yake ni uniti 7 kwa mwezi. Kwa walio kwenye daraja la matumizi madogo la uniti 75, hizo 7 si za kupuuza. Kizime ukutani ukienda kulala.

Mimi nataka mpira tu.

Basi usianze na dishi wala kebo, anza na ligi. Ligi Kuu ya kwetu haki zake za televisheni ziko Azam: mwaka 2021 walisaini na TFF, shirikisho la soka la nchi, mkataba wa miaka kumi wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Kwa hiyo anayetaka kuiona Coastal Union ikicheza ugenini, njia yake inajulikana. Ikicheza nyumbani, Mkwakwani ipo, nenda. Ligi Kuu ya Uingereza iko SuperSport ya DStv, na mechi zimegawanywa kwa vifurushi: ulizia kifurushi unachokimudu kina mechi zipi, usiridhike na jibu la "mpira upo".

Kebo ikikuahidi ligi zote mbili kwa ada ndogo kuliko kifurushi kimoja cha kampuni, jiulize inawezekanaje. Kampuni ya dishi inamuuzia mtu kadi ya kutazama nyumbani kwake. Haimpi ruhusa ya kuwasambazia watu mia mbili. Anayefanya hivyo bila mkataba anavunja sheria ya hakimiliki, na siku akifungiwa, chaneli zinatoweka katikati ya msimu na ada yako ya mwezi imekwenda. Mwulize waziwazi. Mwenye mkataba hajifichi.

Hesabu nyingine ambayo watu hawaipigi: kama unatazama mechi mbili tu kwa mwezi, banda umiza ni rahisi kuliko njia zote hizi. Joto lipo, kelele zipo, lakini mfuko unapumua.

Nataka habari na tamthilia za Kiswahili tu. Lazima nilipe kila mwezi?

Si lazima. Chaneli za ndani zisizolipiwa, TBC1 ikiwemo, zinatakiwa zionekane kwenye ving'amuzi vya antena hata kifurushi kikiisha. Kwenye madishi historia yake ina vurugu: mwaka 2018 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, iliagiza chaneli hizo ziondolewe kwenye ving'amuzi vya dishi kwa sababu ya masharti ya leseni, na watu wengi Tanga wakajikuta wamekosa ITV usiku mmoja. Kwa hiyo unaponunua, mwombe muuzaji achomeke king'amuzi ambacho hakijalipiwa, pale pale dukani, uone kwa macho yako zipi zinabaki.

Tanga mjini antena ya nje iliyoinuliwa mita tatu juu ya paa inatosha maeneo mengi. Ukienda Lushoto na mabonde yake, mlima ukiwa kati yako na mnara huna ujanja, funga dishi. Na kabla ya kununua king'amuzi cha antena, tazama kama TV yako mpya tayari ina DVB-T2 ndani, yaani king'amuzi hicho hicho cha antena. Imeandikwa kwenye boksi, na wengi wanalitupa boksi bila kusoma.

Nina TV mbili, sebuleni na chumbani kwa bibi.

King'amuzi kimoja kinaweza kulisha TV mbili, lakini zote zitaonyesha chaneli ile ile: bibi atatazama katuni za wajukuu. Kwa chaneli tofauti unahitaji LNB yenye matundu mawili, king'amuzi cha pili, na malipo ya ziada kulingana na kampuni. Kebo inashinda hapa bila ubishi.

Gharama ya kweli nitaijuaje?

Usilinganishe bei ya kufunga, linganisha mwaka mzima. Tuseme kebo ni shilingi 15,000 kwa mwezi na kuungiwa 20,000: mwaka ni 200,000. Tuseme dishi na king'amuzi ni 100,000, fundi 20,000, kifurushi 20,000: mwaka ni 360,000. Kebo imeshinda. Lakini mwenye dishi anaweza kuruka mwezi wa Ramadhani asiotazama, au mwezi wa ada za shule, akalipia wakati mwingine bila kuulizwa. Akiruka miezi mitano, anashuka hadi 260,000, na mwaka wa pili hanunui tena dishi: miezi saba ni 140,000, wakati kebo ni 180,000. Mwenye kebo wa mtaani mara nyingi anataka mwezi wote, na ukiruka anakukatia waya, kurudi unalipa kuungiwa upya. Weka namba zako halisi. Usisahau fundi, kichwa cha waya, na nauli yake.

Nimeona king'amuzi cha mtumba, bei nzuri. Ninunue?

Kinunue kikiwa kinawaka mbele yako, kikiwa na rimoti na kadi yake, na mwenyewe akiwepo. Namba ya kadi imesajiliwa kwa jina la mtu. Nendeni pamoja kwa wakala mkabadilishe usajili kabla hujamkabidhi fedha. Vinginevyo unaweza kukuta kuna deni, au mwenyewe akaripoti kimeibwa.

Swali linalofanana na hilo ni la vile vinavyovushwa Horohoro kutoka Kenya. Mawimbi yatakamata, setilaiti haijui mpaka. Lakini haki za vipindi huuzwa kwa nchi, malipo yake ni ya kule, na kikileta shida wakala wa Tanga hatakigusa.

Kabla ya kuunga kebo nimuulize nini mwenye nayo?

Usimuulize yeye kwanza. Waulize nyumba tatu: moja iliyo karibu na kituo, moja ya katikati, na ile ya mwisho wa waya. Ya mwisho ndiyo itakayokwambia ukweli. Kisha yeye mwulize kama ana leseni ya TCRA, ana jenereta au la, atakupa risiti yenye jina, na picha ikikosekana siku nyingi fidia yake ni nini. Na tazama waya wake ulivyopita: ukiona umefungwa pamoja na waya za umeme kwenye nguzo moja, achana naye. Huo ni mauti.

Siku hizi si kuna intaneti? Kwa nini nihangaike na paa?

Kama una fiber nyumbani, au bando lisilo na kikomo, ni sawa kabisa. Makampuni makubwa yote yana programu za kutazamia kwenye simu na TV janja. Kwa bando la kawaida la simu ni moto: saa moja ya picha ya kawaida hula karibu GB 1, na ya HD inaweza kufika GB 3. Mechi moja na uchambuzi wake, bando la wiki limekwisha. Na mpira wa intaneti huchelewa: utasikia mtaa mzima unapiga kelele za goli wakati kwako ndiyo kwanza kona inapigwa.

Nimelipia, sijafunguliwa, na simu hazipokelewi. Nilalamike wapi?

Anza kwa kampuni yenyewe, na kwa maandishi: ujumbe au barua pepe, siyo simu tu. Weka namba ya kadi, tarehe, kiasi, na ule ujumbe wa muamala wa simu. Usiufute. Mara nyingi tatizo ni tarakimu moja ya kadi iliyokosewa, na fedha zimeingia kwa mtu mwingine. Wasipokusikiliza ndipo unapeleka lalamiko TCRA ukiwa na nakala hizo. Bila kuonyesha kwamba ulianza kwa kampuni, watakurudisha huko. Wateja wa kebo wana haki hiyo hiyo, mradi una risiti.

Nahama kutoka Makorora kwenda Kange. Dishi nalihamishaje?

Legeza boliti za kwenye nguzo tu, zile kubwa za chini. Za kupandisha na kushusha sahani usiziguse. Makorora na Kange zote ni hapa hapa mjini, mwinuko wa dishi ni ule ule, kwa hiyo fundi atahangaika na kuzungusha kushoto na kulia pekee. Nguzo ya huko lazima isimame wima kabisa, ipimwe kwa timazi. Kichwa cha waya kivishe mfuko wa nailoni kisiingie vumbi njiani, na LNB ivue uibebe mkononi. Kwenye kirikuu cha kuhamia, chini ya magodoro na vyombo, ndiko LNB nyingi zinakovunjikia shingo.